Amina Iliyogoma Kutoka

Mdogo wangu aliingia kibandani kwangu Jumamosi mchana, akatupa mfuko wake wa spana juu ya joho jeupe nililotoka kulipiga pasi, akaniambia haamini tena kama kuna Mungu.

"Toa kwanza huo mfuko," nikamwambia.

Akautoa. Uliacha doa la grisi kifuani kabisa, pale ambapo kanisa zima lingeliona. Mimi ni fundi cherehani, na majoho yote ya kwaya yetu yametoka mikononi mwangu, kwa hiyo naomba nieleweke: nilikasirikia doa kwanza, habari ya Mungu ikaja ya pili. Nilipomaliza kusugua na sabuni ndipo nikamtazama usoni, nikaona kumbe mwenzangu hatanii.

Yeye ni fundi wa mafriji. Mtaa mzima unamwita Fundi Baridi, na jina linamfaa, maana tangu utotoni hana haraka wala hasira. Siku za kazi utamkuta kwenye jiko la mtu, shavu amelibana mgongoni mwa friji, macho amefumba, anasikiliza. Hafungui hata skrubu moja kabla hajasikiliza. Wateja wageni hudhani amelala, na kuna mama mmoja aliwahi kumfunika shuka. Jumapili anapiga kinanda kanisani kwetu, na huko pia hufumba macho vile vile.

"Dada, friji zima linavuma," akaanza. "Hata likiwa bovu, maadamu linavuma kidogo, najua ndani kuna kitu, nakaa nalo. Lakini likinyamaza kabisa, ukabana sikio usisikie chochote, hapo namwambia mwenye mali atafute lingine. Sasa mimi tangu baba afariki naomba. Nimebana sikio weee. Kimya. Hakuna hata mvumo."

Dada mwema angemshika mkono. Mimi nilisema, "Sasa nani atapiga kinanda?"

"Nakuambia habari za mbinguni, wewe unaniuliza kinanda?"

"Mbingu ina wenyewe. Kinanda kina wewe tu."

Alicheka kidogo, halafu kicheko kikamkauka. Akasema ndiyo shida yenyewe. Kila Jumapili vidole vyake vinasema Amina na yeye mwenyewe hayupo, anajiona mwongo mbele ya watu wanaomheshimu. Amekata shauri. Kesho, baada ya Amina ya mwisho, watu wakiwa bado wamesimama, atatoka mbele aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba hana imani na kinanda anakiacha.

"Mbele ya Mama?"

"Mbele ya Mama."

"Si umwambie nyumbani?"

"Nyumbani Mama anamsikiliza nani? Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza alinipa vitunguu nimenye. Mara ya pili alinituma mkaa. Kanisani angalau mtu akisimama mbele, Mama hunyamaza."

Hapo moyo ulinipasuka, wala sisemi kwa kutia chumvi. Mama yetu amekula chumvi nyingi, na katika miaka yake yote hajajisifia kitu zaidi ya hicho: mwanawe wa kinanda. Ukimwuliza hali ya magoti, anajibu magoti yanauma lakini mwanangu anapiga kinanda. Muuza nyanya akitaja bei, Mama anamwambia hivi unajua mwanangu anapiga kinanda, kana kwamba kuna punguzo kwa wazazi wa wapiga vinanda. Na wakati mwingine analipata. Nilimwona kwa macho ya akili yangu akiwa ameketi benchi la mbele na kitambaa chake cha Jumapili, anasikia maneno yale mbele ya kanisa zima. Nilijua hatalia. Angekunja kitambaa, arudi nyumbani, na asingejisifia tena kitu chochote hapa duniani. Hilo ndilo nililoliogopa.

Inabidi niseme na habari ya sauti ya Mama, maana bila hiyo hamtaelewa yaliyofuata. Mama ana sauti nzito kuliko wanaume wote wa besi ukiwajumlisha. Wala haiendi na wimbo, inakwenda sambamba nao, upande wa pili wa barabara. Zamani alikuwa kwenye kwaya. Mwalimu wa kwaya, bwana mmoja mwembamba ambaye kazi yake ni kupaka rangi nyumba, akambembeleza aketi benchi la mbele awe "mlezi wa kwaya", cheo kilichobuniwa asubuhi ile ile. Mama akakubali cheo, akaketi benchi la mbele, akaendelea kuimba akiwa huko huko, na sasa alikuwa karibu zaidi na kipaza sauti. Ikabidi itafutwe dawa. Mwalimu akikuna sikio, mdogo wangu anazungusha kile kitufe chekundu cha kinanda mpaka sauti yake imfunike Mama. Imekuwa hivyo miaka. Tulifanya kwa upendo, au ndivyo tulivyokuwa tukiambiana.

Basi mdogo wangu alipoondoka, nikavaa viatu nikaenda kwa Mchungaji.

Nilimkuta ofisini, yaani kile chumba cha nyuma wanamokaa yeye, ngoma, na viti vya plastiki vyenye miguu mitatu. Mchungaji wetu ni mtu mzuri mwenye udhaifu mmoja: anapenda kuomba. Sala yake ya chakula imepoza vyakula vingi. Sikumwambia siri ya ndugu yangu, nilimzunguka.

"Mchungaji, kesho mpiga kinanda wetu ana jambo zito moyoni. Nakuomba, kwenye sala ya mwisho, usiseme Amina mpaka yeye mwenyewe aache kupiga. Akiinua vidole tu, hapo hapo: Amina, baraka, nendeni kwa amani. Usivute pumzi katikati."

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Kanisa letu likisikia "nendeni kwa amani" linatoka kama maji yaliyofunguliwa bomba, maana kila mtu ana sufuria jikoni. Mdogo wangu akifika mbele atakuta amebaki yeye na ngoma. Jumapili moja ingepita, nami ningepata wiki nzima ya kumrudishia akili.

Macho ya Mchungaji yaling'aa. "Niombe mpaka yeye aache?"

"Mpaka aache."

"Hata kama ni kwa muda mrefu?"

"Mchungaji, omba upendavyo."

Alinishukuru kwa mikono yote miwili. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumwambia maneno hayo tangu abatizwe.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu ulipo. Kanisani kwetu kuna kanuni moja kuhusu sala ya mwisho. Kinanda kinalia taratibu chini ya maneno, na mpigaji hainui vidole mpaka asikie Amina. Sio ombi, ni sheria. Mpigaji mmoja wa zamani aliwahi kuacha kabla ya Amina, na mpaka leo akitajwa watu hutikisa vichwa kama marehemu vile, ingawa yuko hai na anauza matairi. Kanuni hiyo naijua tangu nikiwa mtoto. Na mimi, mtu ninayepima kitambaa mara mbili kabla ya kukata, siku hiyo sikupima hata mara moja.

Jumapili ikafika. Ibada ikaenda vizuri, doa la grisi likaonwa na watu wote, na ikafika sala ya mwisho. Mchungaji akasema tusimame, tufumbe macho. Mdogo wangu akaanza wimbo wa polepole. Mchungaji akaanza kuomba.

Akawaombea wagonjwa, wajane, yatima na wasafiri. Akaombea mvua. Akaombea viongozi, wakubwa kwa wadogo, mpaka kiongozi wa zamu ya kufagia kanisa. Kwa kawaida hapo ndipo Amina inapokaa. Nikamsikia akisita, akitega sikio kwa kinanda. Kinanda kikaendelea, maana mdogo wangu naye alikuwa ametega sikio, anangoja Amina. Basi Mchungaji akavuta pumzi akaanza upya.

Ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Nami nilikuwa nimesimama katikati ya kwaya, ndani ya joho, sina pa kupita.

Mchungaji akawaombea wanaojenga barabara, kisha wanaozichimba. Akawaombea walimu wa hesabu, "na wewe Bwana unajua walivyotutenda". Akawaombea waliopoteza funguo. Akamwombea yule aliyeazima ndoo ya kanisa, kwamba moyo wake uguswe, na ndoo pia. Mahali fulani nyuma yangu mtu akajikohoza kwa namna ya mwenye ndoo. Watoto wakaketi, halafu wakalala. Mzee mmoja akaketi pia, akisema kwa sauti kwamba magoti yake yameshasema Amina muda mrefu.

Kinanda kikaendelea. Mdogo wangu alimaliza nyimbo zote za polepole anazozijua, akazirudia kutoka mwisho kwenda mwanzo. Nilimkodolea macho, nikamfanyia ishara ya kukata shingo. Hakuniona, alikuwa amefumba macho kama sheria inavyotaka. Mkono ukamchoka, kiwiko kikagusa kile kidude cha midundo, na ghafla kanisa likajaa mdundo wa dansi, tena wa harusi. Mchungaji hakustuka. Aliharakisha maneno tu yaende na mdundo. Akawaombea wapishi, washoni, waashi, wauguzi, kila mmoja kwa pigo lake, na mabega ya sauti ya pili yakaanza kucheza bila ridhaa ya wenyewe. Mdogo wangu akapapasa, akauzima mdundo, akarudi kwenye wimbo wa polepole. Mchungaji akaanza kuombea wanyama.

Na chini ya yote hayo Mama alikuwa akivumisha wimbo. Hakuwa ameketi. Mdomo umefungwa, macho yamefumbwa, mikono juu ya kitambaa, anavuma. Mwalimu wa kwaya akakuna sikio. Wakati huo kwa bahati mbaya mdogo wangu alifumbua jicho moja, akauona mkono sikioni, akazungusha kitufe chekundu. Kinanda kikapanda. Mama akafunikwa. Mchungaji, kwa kuwa kinanda kimempandia, naye akapandisha sauti, akiwa amefika kwa bata.

Nikasema basi. Maji yamenifika shingoni, na ni mimi niliyeyafungulia.

Wakati wa sala kanisani kwetu hakuna anayetembea. Lakini hakuna sheria juu ya kutambaa, nadhani kwa sababu haikuwahi kuhitajika. Nikapiga magoti, nikakusanya joho, nikapita chini ya benchi la sauti ya pili. Nilikutana na viatu vya kila namna huko chini, na ndoo ya kanisa pia, imefichwa nyuma ya miguu ya mtu ambaye sitamtaja. Nikafika ukutani penye soketi za umeme. Nyaya zilikuwa tatu, zote nyeusi, zote na vumbi. Nikang'oa ya kwanza. Feni ikazima. Kanisa likaguna kwa joto, na Mchungaji akawaombea wanaoishi jangwani. Nikang'oa ya pili. Kipaza sauti kikafa. Mchungaji hakuhitaji kipaza sauti, akaendelea kwa kifua chake mwenyewe, na kusema kweli alisikika vizuri zaidi. Nikang'oa ya tatu.

Kinanda kikanyamaza.

Nilibaki nimeshika waya, nimelala kifudifudi, nikingoja "Amina, baraka, nendeni kwa amani". Haikuja. Mchungaji alikuwa amefungua mdomo, lakini amekwama. Maana kinanda kilipozima, kulikuwa na kitu kingine kilichobaki, na kila mtu alikisikia.

Mama alikuwa anaendelea.

Hakugundua kwamba muziki umekatika. Hakuwa akimfuata mtu. Sauti ile nzito ilitoka kifuani mwake, taratibu, haipandi wala haishuki, ikajaa kanisa zima mpaka nikaisikia kwenye sakafu, chini ya shavu langu. Ulikuwa wimbo ule ule wa mwanzo, ambao mdogo wangu alikuwa ameuacha zamani. Yeye Mama hakuwa ameuacha. Nimeishi na sauti ile maisha yangu yote na kila siku nimeionea aibu, na pale sakafuni niliona haya kwa kuionea aibu.

Nikainua kichwa. Mdogo wangu alikuwa ameinamisha kichwa upande. Ninakijua kichwa hicho. Ndivyo anavyofanya akisimama mbele ya friji ambalo mwenyewe ameshasema limekufa. Akatoka kwenye kinanda. Akateremka ile ngazi moja, akaenda mpaka benchi la mbele, akamzunguka Mama kwa nyuma, akainama, akabana shavu lake mgongoni mwa Mama, akafumba macho.

Kanisa zima lilifumbua yake.

Mama alivuma kidogo zaidi, halafu akahisi uzito. "Nani huyo?"

"Mimi, Mama."

"Unanisikiliza mgongo? Mimi friji?"

Mtu akacheka kwa pua. Mdogo wangu hakusogea. "Mama," akasema, shavu bado liko pale, "mimi siamini tena."

Alisema kwa sauti ndogo, lakini nilikuwa nimeng'oa kila kitu chenye kelele katika jengo lile. Watu walisikia mpaka wa mlangoni. Nikaziba uso kwa mikono. Yote niliyoyafanya, kutambaa, nyaya, Mchungaji na bata zake, na bado maneno yametoka pale pale niliposema yasitoke.

Mama hakugeuka. "Tangu lini?"

"Tangu baba."

"Hm." Akakunja kitambaa chake mara moja, nami moyo ukanishuka mpaka kwenye waya niliokuwa nimeushika. Halafu akakikunjua tena, akajifuta jasho, maana feni nilikuwa nimeizima. "Na mimi tangu baba yako," akasema. "Ulidhani naja hapa kila Jumapili nimejaa? Kuna siku naja sina kitu. Nikifungua mdomo niombe, maneno hayapo. Nikitafuta yule niliyekuwa nikizungumza naye, simwoni. Sasa nifanyeje, nilale? Nafunga mdomo navumisha. Wimbo naujua, hata nikiwa simjui mwenyewe. Nakaa hapo, nauweka usizime. Maneno yakirudi, yananikuta hapa."

"Na yanarudi?"

"Mengine. Mengine bado nayangoja."

Mdogo wangu alikuwa analia, na hakujificha. "Mama, mimi sijawahi kukusikia ukivuma."

"Utanisikiaje? Si unanifunika na kinanda!" Hapo ndipo Mama alipogeuka, tena hakumgeukia yeye, alimgeukia mwalimu wa kwaya. "Na wewe! Unadhani sijui? Sikio gani hilo linalowasha kila nikifungua mdomo? Miaka yote hiyo ungekuwa umeshapelekwa hospitali!"

Mwalimu wa kwaya akatazama dari. Ile dari aliipaka rangi yeye, na nadhani hakuwahi kuikagua kwa makini namna ile.

Ndipo Mchungaji akazinduka. Kinanda kilikuwa kimenyamaza, vidole vya mpigaji havikuwa hata karibu nacho, na yeye ni mtu wa ahadi. "Amina-baraka-nendeni-kwa-amani!" akasema kwa pumzi moja, akaegemea mimbari.

Hakuna aliyetoka. Sufuria zilikuwa zinaungua mtaa mzima, harufu ilikuwa imeshaanza kuingia dirishani, na hakuna aliyetoka. Watu walisimama tu. Mama mmoja wa sauti ya kwanza alikuwa anajifuta macho kwa joho langu, nami nikamwacha. Yule mzee wa magoti akasema, bila kuulizwa, kwamba hata yeye kuna mwaka fulani. Hakumalizia. Mkewe alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza amekutana naye siku hiyo.

Mwalimu wa kwaya akashusha macho kutoka darini. Akajikohoza, akamwuliza mdogo wangu, "Alhamisi mazoezi unakuja?"

"Mwalimu, nimesema siamini."

"Nimesikia. Sikio langu ni zima, Mama yako ameshathibitisha. Nimeuliza Alhamisi."

Mdogo wangu akamtazama Mama. Mama alikuwa akitafuta viatu vyake chini ya benchi. Alichokiona kule ukutani ni uso wangu.

"Na wewe unafanya nini huko?"

"Nimedondosha sindano, Mama."

"Inuka, unachafua joho."

Alhamisi alikuja. Alikuja na bisibisi, akakaa mbele ya kinanda, akafungua kile kitufe chekundu, akakitoa kabisa, akakitia mfukoni. Sauti aliiacha chini, chini sana, pale mtu anapoweza kupiga na bado akasikia jirani akipumua. Mwalimu wa kwaya aliona, akainua mkono kuelekea sikioni, akakumbuka, akaupitisha akakuna kichwa.

Sasa Jumapili zetu ni ngumu, sitaficha. Mama anasikika kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, upande wake wa barabara, na besi nzima imehamia huko kumfuata kwa sababu haina nguvu ya kumpinga. Wageni wakija hutazamana. Mchungaji anasema Amina mapema, kwa kuwa anaogopa sana nyaya. Ndoo imerudi. Na Mama anaendelea kumwambia muuza nyanya kwamba mwanangu anapiga kinanda, ila siku hizi anaongeza, "na mimi naimba naye."

Juzi mdogo wangu alipita kibandani. Mfuko wa spana aliuweka sakafuni bila kuambiwa. Nilikuwa nashona, nikamwuliza bila kuinua macho, maana maswali mengine ni rahisi kuyauliza kitambaa. "Sasa umeamini?"

"Sijui, dada."

"Na ukiwa pale kwenye kinanda, unafanya nini?"

"Nasikiliza."

Nilitaka kumwambia neno la busara kama dada mkubwa, nikajipekua sikuona. Mimi mwenyewe sijawahi kujiuliza naamini nini. Nimekuwa nikishona majoho ya walioamini, nikapiga pasi, nikadhani na imani yangu imo humo humo. Nilipojiuliza sasa, pale mbele ya cherehani, niliogopa kidogo.

Uani kwetu, nyuma ya kibanda, Mama alikuwa anaosha vyombo, na kupitia ukuta wa mabati tukamsikia ameanza tena. Mdogo wangu akainamisha kichwa upande. Cherehani yangu ilikuwa inapiga kelele. Nikaondoa mguu kwenye pedali.